Mwenye Kusubiri Ndiye Mpanga Bei

Ndugu msomaji, ukitembea Mwanza mjini utayakuta maneno haya juu ya milango ya maduka mengi, tena kwa rangi iliyokolea: JUMLA NA REJAREJA. Tumeyazoea mpaka hatuyaoni tena. Lakini mtu anayetengeneza kitu kwa mikono yake anajua kwamba kati ya neno la kwanza na neno la pili ndipo riziki yake inapopotelea. Yeye anauza kwa jumla kwa sababu leo watoto wanataka kula. Mwenye duka anauza kwa rejareja kwa sababu anaweza kukaa kwenye kiti chake akingoja wateja mpaka mwisho wa mwezi, na nyumbani kwake sufuria bado iko jikoni.

Sisi vijana tunaopenda kalamu tumezoea kudhani kwamba historia ni ya watemi, ya vita, na ya wazungu waliokuja kutafuta chanzo cha Mto Nile. Eti bangili haina historia. Kumbe inayo, ndefu kweli kweli, na imepita hapa hapa kwetu Sengerema, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza. Nimeifuata kwa sababu ya swali moja linalonikera: kwa nini mwenye ufundi ndiye anayetajiwa bei, badala ya yeye kuitaja?

HESABU YA DAZENI MOJA

Tuanze na mambo ya leo, ndipo turudi nyuma. Mtaani kwetu yupo dada mmoja, jina lake naliweka kando, anayetengeneza bangili, hereni na mikufu ya shanga. Anakaa barazani na sinia la shanga, sindano, uzi wa nailoni, waya mwembamba na koleo ndogo. Ukiviangalia vidole vyake utadhani vina macho. Bangili ya waya yenye safu tano za shanga inamchukua kama saa nzima.

Siku moja nilimwomba tupige hesabu, mimi nikiwa na daftari. Vifaa vya dazeni moja vinamgharimu shilingi 12,000. Dazeni hiyo mwenye duka mjini anaichukua kwa 24,000. Kwa hiyo kwa kazi ya saa 12 dada anabaki na 12,000, hapo hajatoa nauli. Mwenye duka anazitundika ukutani na kuuza kila bangili kwa 4,000. Dazeni ile ile inamletea 48,000.

"Sasa dada," nikamwambia, "si upandishe bei?"

Akacheka. "Mdogo wangu, bei hata angeniambia 30,000 ingesaidia nini? Hela yenyewe hanipi. Anachukua mali kauli."

Mali kauli, kwa asiyejua, ni mali inayotolewa kwa neno la mdomo: chukua sasa, ukiuza utanilipa. Dada ameacha dazeni 8 katika duka hilo. Akienda kudai anaambiwa, "Njoo wiki ijayo, mama, biashara imelala." Wiki ijayo anapanda gari tena, nauli tena, na biashara bado imelala. Huku nyuma shanga zimemwishia, na bila shanga hakuna kazi. Mwisho anakubali apewe nusu ya deni taslimu ili nusu nyingine isahauliwe. We acha tu.

Hebu liangalie vizuri jambo hili. Mwenye duka hamzidi dada ufundi. Hamzidi hata akili ya biashara. Anamzidi kitu kimoja: yeye anaweza kusubiri, dada hawezi. Mimi nikalishika hilo neno kusubiri, nikarudi nalo kwenye vitabu vya historia. Nilichokikuta ndicho ninachokusimulia.

MHUNZI WA KIRONGO

Kabla ya mipaka ya wilaya, nchi hii ya magharibi ya ghuba iliitwa Uzinza, na sehemu yake kubwa leo imo ndani ya Sengerema na Geita. Ndani ya Uzinza walikuwamo Warongo, mafundi wa chuma waliosifika mbali. Walichimba mawe yenye chuma, wakachoma makaa ya miti waliyoichagua, wakajenga matanuri ya udongo, wakavukuta mpaka jiwe likatoa chuma. Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake, na haikuwa ya kila mtu.

Jembe la Uzinza lilivuka mipaka. Wasukuma, watu wa mashamba, walilihitaji sana. Wachuuzi walilibeba kwenda kusini mpaka Tabora, soko kubwa la Unyamwezi. Lilikuwa chombo cha shamba, lakini pia lilikuwa mahari, lilikuwa ushuru wa mtawala, na lilikuwa fedha ya kununulia mbuzi. Na mhunzi aliyejua kufua jembe hakushindwa kufua pete, bangili na vikuku. Mapambo ya chuma yalizaliwa katika moto ule ule wa jembe.

Sasa jiulize, kati ya Mrongo na mnunuzi wake nani alikuwa na nguvu? Mawe yalitoka kwenye vilima vya kwao. Makaa yalitoka kwenye pori la kwao. Kuyeyusha chuma ilikuwa kazi ya kiangazi, baada ya mavuno, wakati chakula kimo ghalani. Na jembe si nyanya, halinyauki wala halioozi. Mnunuzi akija na mbuzi aliyekonda, mhunzi aliweza kumwambia arudi naye. Angengoja mnunuzi mwingine, au angengoja mawingu ya mvua za kwanza, wakati mkulima asiye na jembe anapoanza kuhangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Sisemi kwamba maisha yake yalikuwa ya peponi. Mtawala alidai fungu lake, na njia zilikuwa na hatari zake. Ninachosema ni hiki: yule alikuwa mwuzaji wa jumla, lakini alikuwa mwuzaji aliyesimama wima. Malighafi ilikuwa yake, chakula kilikuwa ndani, na muda ulikuwa upande wake.

WAYA WA WATU WENGINE

Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilizidi kuingia bara, ikitafuta pembe za ndovu na, kwa aibu yetu wote, watumwa. Mizigo iliyobebwa kutoka pwani ilikuwa hasa ya aina tatu: nguo, shanga na waya. Nguo iliyopendwa iliitwa merikani, kwa sababu ilitoka Marekani, na jina hilo limebaki katika Kiswahili mpaka leo. Shanga zilitoka Venice, huko Italia, na kwingineko Ulaya. Waya ulikuwa wa shaba, mnene, umezungushwa kama kamba, na wafanyabiashara waliuita masango.

Masango hayo ndiyo yaliyobadilisha kazi ya fundi wa mapambo. Kwa waya mnene mafundi walitengeneza vitindi, yaani bangili ndefu ya kuzungusha mkono tangu kifundo kuelekea kiwiko. Kwa waya uliovutwa ukawa mwembamba kama uzi walitengeneza sambo: waya umezungushwa juu ya singa za mkia wa mnyama, ukawa kikuku chepesi cha kuvaa mguuni, kimoja juu ya kingine. Kuvuta waya ni kazi ya kiume kweli kweli. Unaupitisha katika tundu dogo la bamba la chuma, unauvuta kwa nguvu zote, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi.

Ufundi huo ulikuwa wa hali ya juu, hakuna ubishi. Lakini angalia kilichotokea kimya kimya. Mhunzi wa chuma alianza na jiwe la kilima chake. Fundi wa vitindi alianza na waya ambao lazima ufike kutoka pwani, kwa miguu ya wapagazi, mwendo wa miezi. Msafara usipofika, koleo linalala. Vidole ni vyake, lakini malighafi ni ya mtu mwingine. Hapo ndipo bangili ilipoanza kutoka mikononi mwa mtengenezaji, hata kabla mzungu hajapandisha bendera yake.

MWANAMKE ALIYESEMA HAPANA

Usidhani, msomaji wangu, kwamba wenye misafara walitamba tu. Yupo mtu aliyewatoa jasho. Mtu huyo ni mwanamke wa bara mwenye kapu la mtama.

Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Tabora mwaka 1857. Speke peke yake ndiye aliyeendelea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akasimama juu ya kilima cha Isamilo, Mwanza, akaliona ziwa. Ng'ambo ya ghuba ile ndiko kwetu. Burton, yeye aliyebaki Tabora, aliandika kwa kirefu kuhusu bidhaa za misafara. Alihesabu aina za shanga zilizokuwa zikitumika bara kuwa kama 400, kila moja na jina lake, thamani yake, na mahali inapopendwa. Nyekundu iliyoitwa samesame ilipendwa mno mpaka ikapewa majina ya utani. Moja lilikuwa na maana ya kumaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa hata chakula chake ili aipate. Lingine lilikuwa na maana ya kuvunja mji, kwa sababu wanawake, eti, wangeweza kuwafilisi waume zao kwa ajili yake. Maneno ya wanaume hayo, lakini yanaonyesha jambo.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kumtafuta Livingstone. Kununua nguo kulimpa shida kidogo, lakini shanga zilimpa kizunguzungu. Aliambiwa kwamba nyekundu zinapokewa Unyamwezi mahali ambapo nyingine zinakataliwa, nyeusi zinatumika Ugogo lakini kwingine hazina thamani, na shanga kubwa za umbo la yai ni mali Ujiji lakini kwingine hakuna anayezitaka. Alinunua magunia 22. Akanunua na waya wa shaba frasila 10, kama kilo 160 hivi. Akajifunza kwamba shanga ni kama sarafu ndogo za shaba, nguo ni kama fedha, na waya ni kama dhahabu.

Kwa nini mfanyabiashara mwenye bunduki aogope rangi ya ushanga? Kwa sababu msafara una midomo. Wapagazi mia moja hawawezi kulala njaa huku bwana wao akibishana bei. Lazima wale leo. Yule mama mwenye mtama alikuwa na ghala. Akiletewa shanga za mtindo uliopita anageuza kisogo, anarudi nyumbani, mtama wake haumkimbii. Kesho mwenye msafara atafungua gunia lingine. Kwa hiyo katika soko lile la kando ya njia, aliyeweza kusubiri ni mama, na aliyepanga bei ni mama.

Na kiwanda kule Ulaya kilimsikia! Shanga ambayo wanawake wa bara waliikataa ilikuwa hasara ya mfanyabiashara, na agizo lililofuata lilibadilika. Mama asiyejua Venice iko wapi alikuwa akiwachagulia mafundi wa Venice rangi ya kutia kwenye kioo.

Mfano mwingine uko hapa Uzinza penyewe. Mwaka 1861 Speke alirudi, safari hii akielekea Karagwe na Uganda. Kusini mwa Uzinza alikwama kwa mtawala aitwaye Lumeresi, aliyetaka hongo, na hasa nguo ya hariri iitwayo deole. Speke alikuwa mgonjwa, wapagazi wamemkimbia. Lumeresi yeye alikuwa kwake, na ng'ombe zake na watu wake. Siku zikapita, wiki zikapita. Mwisho wake unaujua: nguo ya hariri ilitoka ndani ya sanduku.

VENICE NAKO WALILIA

Kabla hatujarudi nyumbani tuvuke bahari kidogo, tuwaone waliozitengeneza shanga hizo.

Venice ni mji uliojengwa juu ya maji, na kisiwa chake cha Murano kimekuwa makao ya matanuri ya kioo tangu mwaka 1291, mafundi walipoamriwa kuhamia huko kwa sababu ya hatari ya moto. Shanga ndogo zilikatwa kutoka kwenye mirija myembamba ya kioo, zikapashwa moto tena ili ncha zisikate. Lakini shanga zilizomwagika ovyo haziuziki vizuri. Lazima zitungwe. Kazi hiyo ya kutunga ilikuwa ya wanawake maskini walioitwa impiraresse. Walikaa vibarazani mbele ya nyumba zao, beseni la mti magotini, wameshika sindano ndefu nyingi kwa pamoja kama feni, wanazichota shanga kwa mkupuo.

Hawakulipwa mshahara. Walilipwa kwa idadi ya nyuzi walizotunga. Wala hawakuzipokea shanga moja kwa moja kutoka kiwandani. Kati yao na kiwanda alikuwapo mwanamke mwingine, mistra, aliyegawa shanga, akapokea nyuzi zilizotungwa, akalipa, na akakata chake. Dalali, kwa lugha yetu.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Yaani ushanga aliouvaa bibi wa Kisukuma mguuni ulikuwa umepita katika vidole vya mama wa Venice aliyekaa barazani kama dada yetu wa Sengerema, naye akihesabu kama uji wa jioni utapatikana. Malighafi si yake. Beseni lake halina akiba. Akikataa bei ya leo, nyumba ya pili yupo mwingine atakayeikubali. Ngozi tofauti, bahari katikati, lakini hesabu ni ile ile.

KODI INA TAREHE

Wajerumani walipoitwaa nchi hii, Mwanza ikawa kituo chao kuanzia miaka ya 1890. Mwaka 1898 wakaleta kodi ya kibanda. Mwanzoni watu wengine walilipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kadiri miaka ilivyokwenda serikali ilitaka fedha: rupia, na baadaye heller. Shanga na simbi zikaanza kuondoka kwenye kazi yao ya fedha. Waganda mpaka leo wanaita pesa "ensimbi", kumbukumbu ya zama ambazo simbi, yaani kauri za baharini, zilinunua mbuzi.

Wengi wameandika kuhusu kodi hiyo kama uonevu, na ni kweli. Mimi nataka uione kwa jicho la mhunzi. Kodi ina tarehe. Jembe halikuwa na tarehe, liliweza kukaa kibandani mpaka bei ipande. Sasa askari anakuja siku fulani, na siku hiyo lazima rupia ziwe mkononi. Mtu aliyekuwa anasubiri akawa mtu anayesubiriwa. Akauza kwa bei yoyote.

Wakati huo huo reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Meli zikaleta Mwanza bidhaa za viwandani kwa gharama ndogo kuliko mgongo wa mpagazi: majembe ya kiwandani, waya, shanga, khanga. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza. Matanuri ya Warongo yalizimika moja baada ya jingine. Hakuna aliyewashinda kwa ufundi. Walishindwa na jembe lililokuja tayari, na kodi isiyosubiri. Wahunzi waliobaki wakawa wanafua vyuma chakavu, na mapambo ya chuma yakaonekana ya kishamba mbele ya bangili za dukani.

MIZANI YA PAMBA

Je, wazee wetu walikubali tu? Hapana. Na hapa naomba uniruhusu niiache bangili kidogo niingie kwenye pamba, maana jibu la bangili limejificha humo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakiuza pamba kwa wanunuzi binafsi, wengi wao wenye asili ya Kiasia, na hawakuiamini mizani. Mkulima amebeba mzigo wake kilomita nyingi, hawezi kurudi nao. Akiambiwa uzito ni huu, ndio huo. Ndipo wakulima walipoanza kuweka wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia. Kijana mmoja, Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza, akazunguka akiwaunganisha. Vyama vidogo vidogo vya msingi vikaandikishwa, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions. Kwa miaka michache tu ukawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika, una vinu vyake vya kuchambulia pamba.

Ushirika ulikuwa nini hasa? Ukiondoa hotuba, ulikuwa ghala na mfuko. Mkulima mmoja hawezi kungoja bei, lakini wakulima elfu wenye ghala moja wanaweza. Walichokipata Wasukuma na Wazinza wa pamba ni kile kile alichokuwa nacho Mrongo zamani: nafasi ya kusema "bei hiyo hapana".

Bila shaka mambo hayakubaki mazuri. Malalamiko ya usimamizi mbovu yalikuwa mengi, na mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Mwaka 1968 muungano ule ulivunjwa na kuundwa Nyanza Co-operative Union chini ya mkono wa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katikati ya purukushani hizo mkulima alijifunza kwamba hata chama chake mwenyewe kinaweza kumwambia "njoo wiki ijayo". Kwa hiyo ushirika si hirizi. Unafaa pale tu wenyewe wanapoushika mfuko na kuusoma mzani.

DARAJA LIMEFUNGULIWA, SASA?

Turudi barazani kwa dada. Leo mambo mengi yamebadilika. Tangu mwaka 2008 tunatumiana pesa kwa simu, kwa hiyo mtu hawezi tena kusingizia kwamba hakupata wa kumtuma. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa, na ile foleni ya kivuko iliyokula nusu siku imekuwa hadithi. Mtu anatoka Sengerema asubuhi, anafika Mwanza mjini, anarudi kula mchana kwake.

Na chini ya miguu yetu kuna dhahabu. Geita soko la madini lilifunguliwa mwaka 2019. Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa mwaka 2021. Hapa Sengerema mkataba wa mgodi wa Nyanzaga ulitiwa saini mwaka huo huo. Mchimbaji mdogo anayeingia sokoni na gramu zake anaikuta bei elekezi inajulikana. Anaweza kubishana, lakini hapigwi bao gizani. Bangili ya shanga haina bei elekezi. Shanga zenyewe zinatoka ng'ambo, zinapita Kariakoo, zinapita kwa mwenye duka wa Mwanza, ndipo zinamfikia dada, na kila zinapopita zinaacha pesa. Tena mara nyingine anayemuuzia shanga ndiye anayemnunulia bangili. Fikiri: mtu huyo huyo ameshika mwanzo wa kazi yako na mwisho wake!

Daraja limefupisha njia. Halikurefusha subira ya mtu asiye na akiba. Hiyo inatengenezwa na watu wenyewe.

Dada na wenzake watatu wameanza jambo. Kila wiki wanachanga, si kwa ajili ya kugawana kama mchezo wa kawaida, bali kwa ajili ya gunia la shanga. Wanaagiza pamoja kwa jumla kutoka Dar es Salaam. Wakapanga na sheria mbili: hakuna dazeni inayotoka bila nusu ya pesa taslimu, na hakuna atakayeshusha bei chini ya ile waliyokubaliana bila kuwaambia wengine. Mwenye duka alipoambiwa alinuna.

"Nyie akina mama mmekuwa wajanja," akasema.

"Hapana, baba," akajibu mkubwa wao, mama wa makamo, kwa heshima zote. "Sisi tumekuja na chakula tumekwisha kula."

Sijui kama anajua, lakini jibu lile lingeeleweka vizuri sana na yule mama wa mtama wa mwaka 1871. Zile dazeni 8 za zamani bado hazijalipwa zote. Wengine mtaani wanasema kikundi hakitamaliza mwaka, kwamba mmoja wao atabanwa na ada ya mtoto na atauza kwa mlango wa nyuma. Inawezekana. Ndiyo maana wameanza kuweka pembeni mfuko mdogo wa dharura, ili anayebanwa akope kwa wenzake kabla hajabisha hodi kwa mwenye duka.

NENO KWA WENZANGU WA KALAMU

Huenda unajiuliza, habari za bangili zinatuhusu nini sisi tunaotaka kuwa waandishi wa riwaya? Zinatuhusu sana. Mwandishi kijana naye ni fundi wa barazani. Anatunga neno juu ya neno kwa miezi, halafu anakwenda kwa mchapaji akiwa na shida ya kodi ya chumba, anaambiwa: acha mswada, tukiuza tutakulipa. Hiyo ni nini kama si mali kauli? Wangapi tunaowajua wameuza hadithi zao zote kwa mkupuo, kwa bei ya viatu?

Malighafi yetu, bahati nzuri, haitoki ng'ambo. Lugha ni kilima chetu, kama kile cha Mrongo, na hadithi za Sengerema hazipiti Kariakoo kwanza. Tunachokosa ni ghala. Kwa hiyo tujiulize tukiwa vijiweni kwetu: tunawezaje kuchangia uchapaji, kusomeana miswada, kujuana bei, ili kijana mwenye hadithi nzuri asilazimike kuitupa kwa sababu ya njaa ya wiki moja? Wazee wa pamba walianza na mzani mmoja. Dada zetu wameanza na gunia moja la shanga.

Haraka haraka haina baraka, tunaambiwa tangu utotoni, kana kwamba subira ni tabia njema tu ya kuzaliwa nayo. Historia ya bangili inatuonyesha kwamba subira nayo ina gharama zake: chakula ghalani, wenzako walio pamoja nawe, na malighafi iliyo mkononi mwako. Tuanze kuzilipa gharama hizo sasa.